KETTERING: Mwalimu wa kijijini aliyelipa gari moyo wa umeme

KILA asubuhi mamilioni ya madereva huwasha magari yao kwa kuzungusha ufunguo au kubonyeza kitufe, pasi na kuwazia kwamba kitendo hicho kiliwahi kuwavunja watu mikono na taya, na hata kuwatoa uhai.

Mtu aliyechangia pakubwa kubadilisha hali hiyo ni Charles Franklin Kettering, mwana wa mkulima wa jimbo la Ohio, Marekani, aliyeaga dunia mnamo Novemba 25, 1958 akiwa na umri wa miaka 82.

Jina lake halivumi kama la Henry Ford au la Thomas Edison. Hata hivyo, mfumo wa kuwasha petroli kwa cheche aliouasisi ulitumika katika magari mengi duniani kwa zaidi ya nusu karne, na katika vitabu vya uhandisi ungali unaitwa kwa jina lake.

Wanaomiliki magari ya kale humu nchini, yawe ni Peugeot 404, Volkswagen za mgongo wa kobe au Land Rover za miaka ya sitini, bado wanaishi na kazi ya mikono yake. Wanapoamua kuufanyia marekebisho mfumo wa umeme ili gari lisiwaaibishe barabarani, ni kazi ya Kettering wanayoihariri.

Lakini maisha ya mvumbuzi huyu hayakuwa ya sifa tupu. Maabara iliyolipa gari moyo wa umeme ndiyo iliyolipa pia petroli yenye risasi, sumu ambayo dunia ilichukua karibu karne nzima kuiondoa.

Macho mabovu, akili pevu

Kettering alizaliwa Agosti 29, 1876 katika shamba karibu na mji mdogo wa Loudonville, Ohio. Alikuwa mtoto wa nne kati ya watano wa Jacob na Martha Kettering.

Tangu utotoni aliandamwa na udhaifu wa macho. Kusoma kwa muda mrefu kulimletea maumivu makali ya kichwa, na hilo nusura limkatize masomo kabisa.

Alipomaliza shule alifundisha kwa muda katika shule za vijijini, akiweka akiba ya karo. Baadaye alijiunga na chuo cha Wooster, kisha akahamia Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio kusomea uhandisi. Macho yakamshinda, akalazimika kuacha.

Badala ya kurudi nyumbani kukaa bure, alijiunga na kikosi cha vibarua wa kampuni ya simu katika eneo la Ashland, akichimba mashimo ya nguzo na kutandaza nyaya. Haikupita muda akawa msimamizi wa kikosi hicho.

Kazi hiyo ya jua na vumbi ilimpumzisha macho, na ikamfunza jambo ambalo darasa halikuwa limemfunza: kwamba hitilafu nyingi za umeme hazitokani na mitambo mikubwa, bali na viungio vilivyolegea, nyaya zilizochubuka na unyevu uliojipenyeza pasipotarajiwa.

Alirejea chuoni na kuhitimu mwaka wa 1904 katika uhandisi wa umeme, akiwa na miaka 27. Wenzake wengi walikuwa wameanza kazi miaka kadhaa kabla yake. Mwaka uliofuata alimwoa Olive Williams wa Ashland. Mwana wao wa pekee, Eugene, alizaliwa mwaka wa 1908.

Somo la mashine ya dukani

Mara tu alipohitimu, Kettering aliajiriwa na National Cash Register ya mjini Dayton, kampuni iliyotengeneza mashine za kurekodi mauzo na kuhifadhi fedha madukani.

Wakati huo mwenye duka alilazimika kuzungusha mkono wa mashine kila alipouza kitu. Kettering alipewa jukumu la kuifanya mashine hiyo iendeshwe kwa umeme.

Ugumu ulikuwa hapa: mota yenye nguvu ya kutosha kuizungusha mashine, kwa hesabu za kawaida za wahandisi, ingekuwa kubwa mno isiyoweza kutoshea ndani yake.

Kettering aliitazama kazi yenyewe upya. Mashine ya duka haifanyi kazi mfululizo. Huhitaji nguvu nyingi kwa sekunde moja au mbili, kisha hutulia hadi mteja mwingine afike. Kwa hivyo mota ndogo ingeweza kubebeshwa mzigo uliozidi uwezo wake kwa muda mfupi mno, na kupoa kabla haijaungua.

Kufikia mwaka wa 1906 mashine ya umeme ilikuwa tayari. Wazo hilo la mota ndogo kubeba mzigo mkubwa kwa muda mfupi alilihifadhi akilini, na miaka 5 baadaye likaja kubadilisha historia ya gari.

Genge la ghalani

Mmoja wa wakubwa wa Kettering pale kiwandani alikuwa Edward Deeds, aliyekuwa na gari lake na ghala nyuma ya nyumba yake. Kuanzia mwaka wa 1908, Kettering na wafanyakazi wenzake kadhaa, miongoni mwao Bill Chryst, walianza kukutana katika ghala hilo jioni na wikendi, baada ya kazi iliyowalipa mshahara.

Walichokuwa wakikitafuta ni dawa ya maradhi makuu ya magari ya siku hizo: kutotegemeka kwa cheche.

Injini ya petroli haina uhai bila cheche inayolipua mchanganyiko wa mafuta na hewa kwa wakati barabara. Magari mengi ya enzi hizo yalitumia koili zilizotoa cheche nyingi mfululizo kwa kutetemesha kipande cha chuma, na kwa kufanya hivyo zikamaliza betri upesi. Mengine yalitumia magneto, mtambo unaozalisha umeme wenyewe lakini ambao hutoa cheche dhaifu injini inapozunguka polepole, hasa wakati wa kuwashwa.

Kettering alibuni mfumo wa kutoa cheche moja tu, yenye nguvu, kwa kila mlipuko uliohitajika. Betri ikadumu, na injini ikawaka kwa urahisi zaidi.

Henry Leland, mkuu wa kampuni ya Cadillac ya Detroit, aliuona mfumo huo na kuagiza maelfu ya seti kwa magari yake ya mwaka wa 1910. Kettering na Deeds walikuwa na oda kubwa lakini hawakuwa na kiwanda. Wakaanzisha kampuni mwaka huo wa 1909, wakaiita Dayton Engineering Laboratories Company. Herufi za mwanzo za maneno hayo ndizo zilizozaa jina Delco, linalofahamika hadi leo kwa yeyote aliyewahi kununua vipuri vya gari.

Kettering aliacha kazi yake ya mshahara. Alikuwa na mke, mtoto mchanga na miaka 33.

Jinsi cheche inavyozaliwa

Yafaa kueleza mfumo huo kwa muhtasari, kwa maana ndio msingi wa yote yanayofuata.

Umeme hutoka kwenye betri, hupitia swichi ya ufunguo na kuingia katika koili. Ndani ya koili mna nyaya mbili zilizoviringwa juu ya chuma kimoja: moja nene yenye mizunguko michache, nyingine nyembamba yenye mizunguko maelfu.

Umeme unapopita katika waya mnene, hujenga nguvu za sumaku. Kisha vipande viwili vidogo vya chuma, ambavyo mafundi wetu huviita pointi, huachana ghafla na kuukata mkondo huo. Nguvu za sumaku huporomoka kwa kishindo, na katika waya mwembamba huzuka umeme wa maelfu ya volti.

Umeme huo hupelekwa kwenye distribyuta, ambayo huugawa kwa kila plagi kwa zamu yake. Kando ya pointi hukaa kondensa, kifaa kidogo kinachofyonza umeme ambao ungeruka na kuziunguza pointi. Kondensa ikifa, cheche hufifia na pointi huungua.

Kwa mtindo huo, vyuma vichache, nyaya na betri ya volti 6 viliweza kutoa umeme wa kuruka angani kama radi ndogo, mamia ya mara kwa dakika.

Hendeli yaondolewa

Tatizo la cheche lilipotatuliwa, lilibaki la hendeli. Ili kuiwasha injini, mtu alisimama mbele ya gari, akachomeka chuma kilichopindwa na kukizungusha kwa nguvu. Cheche ikitokea mapema kuliko ilivyostahili, injini ilirudi nyuma na hendeli ikamgonga aliyeishika.

Kisa kinachosimuliwa mara nyingi ni cha Byron Carter, mtengenezaji wa magari na rafiki yake Leland, aliyefariki mwaka wa 1908. Inasimuliwa kwamba alisimama kumsaidia mwanamke aliyekwama na gari lake, hendeli ikamvunja taya, na maradhi yaliyofuata jeraha hilo yakamwua. Wanahistoria wamebishana kuhusu baadhi ya maelezo ya kisa hicho, lakini ajali za aina hiyo zilikuwa jambo la kawaida.

Leland aliazimia kuiondoa hendeli kwenye magari yake. Wahandisi wengi waliamini haiwezekani, kwa sababu mota ya kuizungusha injini ingekaribia ukubwa wa injini yenyewe.

Hapo ndipo somo la mashine ya dukani lilipofaa. Starta, sawa na mashine ya duka, hufanya kazi kwa sekunde chache tu kisha ikapumzika. Kettering alitumia mota ndogo akaibebesha mzigo mzito kwa muda mfupi.

Hakuishia hapo. Aliutazama umeme wa gari kama mfumo mmoja. Mtambo ule ule ulioiwasha injini uligeuka kuwa dainamo injini ilipokwisha kuwaka, ukairudishia betri umeme uliotumika, na betri ikawasha taa na kulisha koili.

Mnamo Februari 1911 kifaa hicho kilifungwa katika Cadillac ya majaribio, na mwezi Aprili mwaka huo akawasilisha ombi la hataza, ambayo alipewa mwaka wa 1915. Magari ya Cadillac ya mwaka wa 1912 yakaingia sokoni yakiwa na starta, taa za umeme na cheche za Delco. Klabu ya kifalme ya magari ya Uingereza iliitunuku Cadillac tuzo ya Dewar kwa ubunifu huo, ikiwa mara ya pili kwa kampuni hiyo kuipata.

Athari zake katika jamii zilikuwa kubwa. Kuendesha gari hakukuhitaji tena misuli ya mtu wa miraba minne. Wanawake, wazee na watu wasio na nguvu wakashika usukani bila kumtegemea mtu wa kuzungusha hendeli. Hata Ford, iliyokuwa imeshikilia hendeli kwa muda mrefu, ilianza kutoa starta katika Model T mwaka wa 1919.

Mkuu wa utafiti

Mwaka wa 1916 Kettering na Deeds waliiuza Delco kwa takriban dola milioni 9. Muda si muda kampuni iliyoinunua ikamezwa na General Motors, na kuanzia mwaka wa 1920 Kettering akawa mkuu wa utafiti wa shirika hilo, wadhifa alioushikilia hadi mwaka wa 1947.

Kabla ya hapo, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, alisimamia ubunifu wa ndege ndogo isiyo na rubani iliyokusudiwa kubeba kilipuzi. Vita viliisha mwaka wa 1918 kabla haijatumiwa.

Kadhalika aliwajali wakulima waliokuwa mbali na nyaya za umeme. Mtambo wa Delco-Light, uliokuwa na injini ndogo, dainamo na betri, uliangaza maelfu ya nyumba za mashambani kuanzia mwaka wa 1916. Kwa mtu aliyekulia shambani na macho mabovu, si ajabu kwamba alilitilia maanani suala la mwangaza.

Chini ya usimamizi wake maabara ilichangia rangi za magari zilizokauka kwa saa badala ya majuma, na injini za dizeli zilizobadilisha usafiri wa reli katika miaka ya thelathini. Eugene, mwanawe, alishiriki katika kazi hiyo ya dizeli.

Hata hivyo, hakuna masika yasiyo na mbu. Mwaka wa 1923 General Motors ilitoa gari la Chevrolet lililopozwa kwa hewa na mapezi ya shaba badala ya maji, wazo ambalo Kettering alilipigania kwa nguvu zake zote. Injini zilipata joto kupita kiasi, magari yakarejeshwa kiwandani mwaka huo huo, na mradi ukazikwa. Kettering alivunjika moyo kiasi cha kutaka kujiuzulu.

Doa la risasi

Lakini kushindwa kwa injini ya shaba kulikuwa hasara ya pesa. Suala la petroli lilikuwa zito zaidi.

Injini za wakati huo zilikuwa na tabia ya kugonga, yaani mafuta kulipuka ovyo ndani ya silinda zilipobebeshwa mzigo. Baadhi ya wapinzani wa Kettering walidai kwamba lawama ni ya cheche zake za betri. Alimtwika mhandisi kijana, Thomas Midgley, jukumu la kutafuta chanzo na tiba.

Baada ya kujaribu kemikali nyingi, mnamo Desemba 1921 Midgley aligundua kwamba kiasi kidogo cha madini ya risasi yaliyochanganywa na kemikali nyingine kilikomesha kugonga huko. Petroli ya aina hiyo ilianza kuuzwa Dayton mwezi Februari 1923. Mwaka wa 1924 General Motors na Standard Oil ya New Jersey ziliunda kampuni ya kuiuza, na Kettering akawa rais wake wa kwanza. Jina la biashara lililochaguliwa, Ethyl, halikutaja risasi popote.

Kwamba risasi ni sumu halikuwa jambo geni. Madaktari walilijua kwa karne nyingi, na Midgley mwenyewe aliugua kutokana nayo. Isitoshe, Kettering na Midgley walikuwa wameuchunguza pia pombe ya ethanoli kama njia ya kuzuia kugonga.

Oktoba 1924, katika kiwanda cha Bayway, New Jersey, wafanyakazi 5 walifariki baada ya kurukwa na akili kutokana na sumu hiyo, na makumi wengine wakaugua. Mauzo yalisitishwa. Mwezi Mei 1925 serikali iliitisha mkutano mjini Washington, ambapo wataalamu wa afya kama vile Alice Hamilton walionya juu ya hatari kwa umma. Kettering alikuwa miongoni mwa walioitetea bidhaa hiyo. Mwaka uliofuata kamati ya wataalamu ikasema haikuona sababu ya kutosha ya kuipiga marufuku, na mauzo yakarejea.

Gharama ya uamuzi huo ililipwa na vizazi vilivyofuata. Moshi wa magari ulitawanya risasi mijini kote duniani, na tafiti za baadaye zikathibitisha kwamba hata kiasi kidogo chake hudumaza akili za watoto.

Hapa ndipo maisha ya Kettering yanapoingia moja kwa moja katika historia yetu. Kampeni ya kimataifa ya kuiondoa petroli hiyo iliongozwa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, lenye makao yake makuu Gigiri, Nairobi. Kufikia Januari 2006 nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikuwa zimeacha kuiuza kwa magari, na nchi ya mwisho duniani, Algeria, ikafuata mwezi Julai 2021. Ilikuwa miaka 98 tangu lita za kwanza ziuzwe Dayton.

Si rahisi kumtenga Kettering na lawama hizo, wala si haki kumsahau kwa mengine mema aliyoyatenda. Mwaka wa 1927 alianzisha wakfu wa kugharamia utafiti na elimu. Mwaka wa 1945, pamoja na Alfred Sloan wa General Motors, alihusika katika kuanzishwa kwa taasisi ya utafiti wa saratani jijini New York inayobeba majina yao wawili. Alifadhili pia utafiti wa jinsi mimea inavyogeuza mwanga wa jua kuwa chakula.

Mkewe alifariki mwaka wa 1946. Miaka yake ya mwisho aliishi nje kidogo ya Dayton, katika eneo ambalo wakazi waliamua kuliita mji wa Kettering angali hai.

Urithi unaohaririwa

Ni nini basi kilichosalia cha kazi yake katika gari la kale linalotunzwa leo? Jibu ni karibu kila kitu chenye waya.

Pointi zina udhaifu usioepukika: ni vyuma vinavyogongana. Kadiri zinavyotumika ndivyo zinavyoungua, na kipande cha kusuguana na ekseli ya distribyuta huisha. Nafasi kati yake hupungua, na cheche huanza kuchelewa. Gari hupoteza nguvu, hula mafuta mengi, na hatimaye hugoma kuwaka asubuhi ya baridi kule Limuru au Nyahururu.

Tangu miaka ya 1970 watengenezaji wa magari walianza kuziacha na kutumia vifaa vya elektroniki. Leo mwenye gari la kale anaweza kununua kihisi kidogo kinachojificha chini ya kifuniko cha distribyuta, kikaukata mkondo wa koili bila vyuma kugusana. Koili, distribyuta na plagi hubaki. Ni mfumo ule ule wa Kettering, ila kiungo chake dhaifu kimetolewa.

Hata hivyo, wenye uzoefu hawaanzii hapo. Huanzia kwenye nyaya. Magari mengi ya kale yana nyaya zilizokauka ngozi na viungio vyenye kutu, na hakuna kifaa kipya kitakachotegemeka juu ya msingi huo. Waya wa kuunganisha betri na bodi, na ule wa kuunganisha bodi na injini, husafishwa au hubadilishwa kwanza. Yule msimamizi wa vibarua wa simu angeafiki.

Hatua ya pili ni fyuzi. Magari ya zamani yalikuwa na fyuzi chache mno, na mengine yalilisha taa kubwa bila fyuzi yoyote. Waya mmoja ukichubuka na kugusa chuma, gari zima linaweza kuteketea.

Tatu ni taa. Katika magari mengi ya kale umeme wote wa taa kubwa hupitia swichi ya dereva, safari ndefu inayoupunguza nguvu na kuiunguza swichi. Rilei mbili karibu na betri huziwezesha taa kupata umeme moja kwa moja, huku swichi ikibaki na kazi nyepesi ya kutoa amri. Mara nyingi taa zile zile huangaza zaidi baada ya kazi hiyo ndogo.

Nne ni kuchaji. Dainamo haitoi umeme wa kutosha injini inapozunguka polepole, ndiyo maana taa hufifia gari likiwa kwenye msongamano. Altaneta, ambayo Chrysler iliifanya kifaa cha kawaida katika magari yake mwanzoni mwa miaka ya 1960, huchaji hata injini inapounguruma taratibu.

Wenye magari ya volti 6 wana mtihani wa ziada. Taa ya wati 60 huvuta ampea 5 katika mfumo wa volti 12, lakini katika volti 6 huvuta 10. Ndiyo sababu magari hayo huhitaji nyaya nene zaidi na viungio safi zaidi. Wengine huhamia volti 12, kazi inayodai kubadilisha balbu, koili na mota ndogo za vifaa vingine pia.

Onyo moja halina budi kutolewa. Magari mengi ya Kiingereza ya kabla ya mwisho wa miaka ya sitini yaliunganishwa upande chanya wa betri kwenye bodi, kinyume na ilivyo sasa. Kufunga kifaa cha elektroniki bila kulichunguza hilo ni kukiua mara tu ufunguo unapozungushwa. Kadhalika, haifai kuuacha ufunguo ukiwa umewashwa ilhali injini imezimwa, kwani koili na kifaa chenyewe huweza kuungua.

Aidha, kwa kuwa petroli yenye risasi imetoweka, injini za kale zilizotegemea risasi kulinda viti vya vali huhitaji kuwekewa viti vigumu zaidi zinapofunguliwa. Huo nao ni urithi wa maabara ile ile ya Kettering.

Wapo wanaopinga mageuzi haya wakisema gari la kale lapaswa kubaki lilivyotoka kiwandani. Hoja yao ina uzito kwa magari ya maonyesho, ambako waamuzi hutazama kila skrubu. Lakini kwa gari linaloendeshwa, breki na taa zinazotegemeka ni suala la uhai. Wengi hupata njia ya kati: wanafunga vifaa vipya na kuvihifadhi vya zamani katika sanduku, ili siku moja viweze kurudishwa.

Madereva wa safari ndefu huenda hatua moja zaidi. Hubeba katika buti seti ya pointi na kondensa iliyokwisha kupimwa. Kifaa cha elektroniki kikifa nyikani, hakina tiba ya kando ya barabara. Pointi hurekebishwa kwa bisibisi na kipande cha karatasi ngumu, na gari likaendelea na safari.

Charles Kettering alizikwa mjini Dayton. Chuo kikuu kimoja cha uhandisi huko Flint, Michigan, kimebeba jina lake tangu mwaka wa 1998. Nchini Kenya, yeyote anayefungua boneti ya gari la kale na kukuta kikopo cheusi chenye waya mnene katikati, ujue anaitazama kazi yake.